Radi au Ushanga

Simu ya mke wangu ilikataa posa. Mke wangu mwenyewe alikuwa bado hajasema kitu.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, sebuleni kwa shemeji yangu Ipyana, hapa Tukuyu. Wageni walikuwa watano, wametoka Kyela, wamekuja kumposea kijana wao Gwakisa. Binti ni Ikupa, mtoto wa Ipyana. Mshenga wao, Mzee Asajile, alikuwa ameshamaliza salamu na habari za mvua. Barua ilikuwa imeshasomwa, ng'ombe wameshatajwa na hakuna aliyebisha. Lilibaki swali moja.

Kwenye ukoo wa mke wangu baba hajibu posa. Anayejibu ni shangazi. Baba anaweza kuwa ameridhika tangu mwaka jana, anaweza kuwa ameshapanua hata zizi, lakini shangazi asipotoa kauli hakuna ndoa. Akiitoa, imetoka. Shangazi wa Ikupa ni mke wangu, Tusekile. Mimi nilikaa karibu na mlango, mahali pa mume wa shangazi. Pale unakula, huongei.

"Basi mama," Mzee Asajile akasema, "sisi ya kwetu tumemaliza. Tunasubiri kauli yako. Mtoto tunapewa, hatupewi?"

Tusekile akanyanyua uso. Midomo yake ilitikisika kidogo sana, kama mtu anayeonja chumvi. Na simu iliyoning'inia chini ya koo lake ikasema, kwa sauti yake ileile ya zamani, sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Hapana."

Nilimwona akishtuka kuliko sisi wote. Alifungua mdomo kurekebisha, na kwa kuwa koo lilikuwa limejaa hofu, simu ikasoma hofu ile na kuiongezea neno: "Hapana kabisa."

Hapo akafanya kosa la pili. Aliing'oa simu shingoni na kuitupa kwenye kochi. Alitaka kuinyamazisha. Lakini sauti yake ilikuwa ndani ya simu hiyo, na Tusekile hana nyingine. Akabaki amesimama mbele ya wageni, midomo inakwenda mbio, hakuna kinachotoka.

Mtu mmoja tu katika mji huu anaweza kusoma midomo ya Tusekile bila kukosea, na huyo ni Ikupa. Ikupa alikuwa chumba cha ndani, mlango umefungwa, kwa sababu binti anayeposwa haonekani mpaka aitwe. Alichosikia kutoka huko ni sauti ya shangazi yake ikisema hapana, halafu hapana kabisa.

Mzee Asajile akachukua kofia yake. "Tumesikia," akasema. Soda zao zilibaki nusu mezani.

*

Simu ile niliichagua mimi.

Mimi ni fundi simu, na ni mpima simu. Duka langu liko nyuma ya stendi ya zamani. Mtu akitaka kununua simu mpya na amekwama kati ya mbili, anakuja kwangu kwanza. Nazifunga zote mbili kwenye ubao mmoja na kuzipima kwa pamoja. Naziweka juu ya sufuria inayotoa mvuke, maana unyevu wa Tukuyu umeua simu nyingi kuliko wezi. Naziangusha mara tatu kwenye saruji yenye maji, kutoka urefu wa kifua. Kisha nazivaa shingoni mwangu, moja baada ya nyingine, natamka majina ya vituo kutoka hapa hadi Mbeya bila kutoa sauti, huku nimeshika saa ya sekunde. Matokeo naandika kwa chaki kwenye ubao mweusi mlangoni: kasi, joto, betri, kuanguka, maji. Watu wakiuliza mbona hakuna safu ya sura, nawaambia macho mnayo, angalieni wenyewe.

Tangu simu zilipohamia kwenye koo, kasi ndiyo kila kitu. Siku hizi mtu hashiki simu. Anaivaa, anauchezesha ulimi ndani ya mdomo uliofungwa, na simu inasema kwa sauti yake. Zilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaofanya kazi kwenye kelele, kama wale vijana wanaoongoza mashine za kuchuma chai huku milimani. Halafu wavivu wote wakazipenda. Ukienda sokoni sasa utaona watu wamefunga midomo na wanabishana.

Kwa Tusekile, anayeuza viazi sokoni, haikuwa uvivu. Miaka minne iliyopita aliota uvimbe kooni. Madaktari waliutoa pamoja na kila kitu kilichokuwa kinamfanya aongee. Alipona, na akawa kimya. Miaka miwili ya mwanzo Ikupa alihamia kwetu. Alikuwa anakaa mbele yake, goti kwa goti, anaitazama midomo na kusema kwa sauti yake mwenyewe kile shangazi yake anachotaka kusema. Walikwenda hivyo sokoni, kanisani, hospitali, mpaka kwenye ugomvi wetu. Nilikuwa nagombezwa na mtoto wa miaka kumi na tisa, na hakuwa anapunguza hata neno.

Kisha simu za koo zikafika. Sauti ya Tusekile nilikuwa nayo. Kabla ya kuugua alikuwa ananitumia ujumbe wa sauti, dakika kumi na moja kuhusu bei ya viazi, dakika nane kuhusu mke wa jirani. Sikuwahi kufuta hata mmoja. Zilikuwa mia tatu na kitu. Nilizimimina zote kwenye simu, na siku ya kwanza ilipoongea Ikupa alicheka mpaka akakaa chini. Akarudi kwao, maana kazi yake ilikuwa imekwisha.

Simu hiyo ya kwanza ilikuwa kongwe. Mwaka huu zikatoka mbili kubwa, wiki moja, na mji mzima ukagawanyika. Moja inaitwa Radi. Nyingine inaitwa Ushanga.

Tusekile alikuja dukani siku nilipozifungua. Akaishika Ushanga. Ni duara la shanga nyeusi ndogo, nyembamba, kila moja ina kipande chake cha chipu ndani. Ukiivaa hakuna anayejua kwamba ni simu. Haina uzito, haina joto. Akajitazama kwenye kioo cha kabati langu.

"Hii inanipendeza," akasema kupitia ile kongwe.

"Kupendeza hakuuzi viazi," nikamwambia. "Ona hii."

Radi ni tofali. Hakuna namna nyingine ya kuieleza. Ina mapezi ya chuma mgongoni ya kutolea joto, na joto lenyewe si mchezo, ikifanya kazi saa nzima inaacha alama nyekundu kifuani. Lakini kasi yake sikuwahi kuiona.

"Sehemu mbili za kumi za sekunde," nikamwonyesha ubao. "Hiyo yako ya urembo, sekunde tatu na nusu. Mteja ameshakwenda kwa mwingine, wewe shanga zako bado zinafikiri."

"Kwa nini inachelewa hivyo?"

Nilimweleza kama ninavyowaeleza wote. Ushanga inasubiri umalize. Inangoja midomo ifunge na pumzi irudi, ndipo inasema ulichosema. Si kwamba waliotengeneza ni watu wenye adabu. Walitaka iwe nyembamba tu, na kwenye unene ule hakuna nafasi ya chipu inayoweza kukisia. Radi ina nafasi. Radi inasoma koo lako, inasoma ulimi, inakumbuka kila ulichowahi kusema, na sauti ya tatu haijafika mdomoni inajua sentensi nzima. Inakutangulia. Kwenye tangazo lao wanasema: toa ukweli wako ungali wa moto.

"Nataka ya shanga," Tusekile akasema.

"Mke wangu, wewe unauza kwa mdomo. Chukua mdomo wa kweli, urembo utavaa hereni."

Akairudisha Ushanga kabatini. Kisha akaivaa Radi, na neno lake la kwanza lilitoka kabla sijavuta pumzi: "Basi nunua na ndoo ya maji, nikiungua unizime."

Nilicheka mpaka fundi wa viatu wa jirani akaja kuuliza kuna nini. Miaka minne sikuwa nimesikia hivyo. Mzaha ukichelewa unageuka taarifa, na Tusekile alikuwa ametoa taarifa miaka minne. Sasa alikuwa amerudi. Nikichelewa kula, ninalo. Nikivaa shati baya, ninalo. Sokoni wenzake walimwita Mama Radi, na wanunuzi wakubwa wa viazi walikuja kusikiliza tu jinsi anavyowatukana kwa heshima.

Kulikuwa na dalili. Siku moja simu ilimwita mnunuzi mmoja mwizi. Tusekile alikuwa amemfikiria hivyo, lakini hakuwa na mpango wa kumwambia. Siku nyingine ilimwambia mama mchungaji kwamba keki yake ni kavu. Tulicheka nyumbani. Niliona, ila ubao wangu haukuwa na safu ya kuandikia kitu kama hicho, kwa hiyo sikuandika. Na kwa neno langu watu thelathini na mmoja katika mji huu walinunua Radi.

*

Mchana wa Jumamosi ile nilikuwa dukani, Radi imefunguliwa mezani. Ipyana alisimama juu yangu, hataki kukaa.

"Shemeji, ni mbovu?"

Kila Radi inaandika ndani yake ilichofanya. Mteja haoni, lakini fundi akiingia kwa nyuma anaona. Nilimsomea. Neno: hapana. Uhakika: asilimia tisini na nne. Kusemwa: baada ya sehemu mbili za kumi za sekunde. Na chini yake mstari mwingine, ambao kiwanda kinauita kizuizi. Ni pale koo linapojikaza ili kurudisha neno chini. Kizuizi: baada ya sehemu sita za kumi za sekunde.

"Maana yake nini?"

"Maana yake neno lilipanda, na dada yako akalimeza. Simu ikawa imeshalisema kabla hajalimeza."

"Kwa hiyo ni mbovu."

"Si mbovu. Imefanya kazi vizuri kuliko simu yoyote niliyowahi kupima."

Ipyana akavuta kiti, hatimaye akakaa. Yeye ni mtu mzito na kiti changu kililia. "Shemeji, mimi sikukuuliza mafundisho. Wewe una muhuri. Andika cheti cha fundi, sema simu ilipata hitilafu, ikabwatuka. Kesho nakipeleka Kyela. Mzee Asajile anakiona, anacheka, mambo yanakwisha. Mtoto hajala tangu asubuhi. Amejifungia."

"Hajaongea na shangazi yake?"

"Ataongea naye vipi? Hataki kumwona."

Nikaandika. Sikulazimishwa na mtu. Niliandika kwamba mimi, fundi mwenye uzoefu wa miaka ishirini na sita, nimekagua simu hii na kukuta hitilafu. Nikagonga muhuri. Nilijiambia ni uongo mdogo, tena mzuri, haumuumizi mtu zaidi ya kiwanda kilicho mbali.

Wino haujakauka, Tusekile akaingia na aproni yake ya viazi. Shingo ilikuwa wazi. Akakisoma cheti mpaka mwisho, pamoja na muhuri. Akatikisa kichwa. Kisha akaongea, na mimi midomo yake siijui vizuri, nikashika neno moja katika kumi. Akachoka na mimi. Akaenda mlangoni, akafuta kwa kiganja mstari wa Radi kwenye ubao wangu, akaokota chaki.

LILIKUWA LANGU, akaandika.

"Dada, lako kivipi?" Ipyana akasema. "Kijana umemkubali mwenyewe. Umempikia. Ulimwita mwanangu."

NILILIMEZA.

"Basi kama ulilimeza halipo. Cheti kinasema hivyohivyo."

Tusekile akaandika tena, herufi kubwa, chaki inakatika. ATAMPELEKA WAPI?

"Si unajua? Kyela kwanza. Halafu Kigoma, kwenye kazi yake ya mitambo ya maji."

Akaweka chaki chini, akajifuta vumbi kwenye aproni. Ipyana hakuwa amefikiria umbali ule. Hata mimi, ambaye nimelala na mwanamke huyu miaka ishirini na mbili, nilikuwa sijafika huko. Nilidhani labda kuna kitu alikiona kwa kijana, ulevi, kiburi. Kumbe kijana hana neno. Kigoma ndiyo ilikuwa neno.

Nilifikiri sana juu ya mistari ile miwili. Kiwanda kinasema ule wa kwanza ndio ukweli wako. Mimi mwenyewe nilikuwa nauza hivyo. Lakini kama ni hivyo, basi kila mtu hapa mjini ni muuaji, maana hakuna ambaye hajapandwa na neno baya na kulimeza. Ninavyoona mimi, yote mawili ni ya Tusekile. La kwanza lilimjia, la pili alilifanya, tena kwa kujikaza. Radi ilichukua lile lisilomgharimu kitu. Na cheti changu kilikuwa kinakuja kuchukua hilo la pili, kiseme hata kujikaza hakukuwepo, palikuwa na hitilafu tu.

"Tukisema ukweli tutalipa," Ipyana akasema. "Wale wazee wa Kyela hawasahau kauli."

Tusekile akakikunja cheti mara nne, akainama, akakisukuma chini ya mguu wa meza yangu unaoyumba. Akaijaribu meza kwa mkono. Haikuyumba. Kisha akanyoosha kidole kwenye kabati la kioo, kwenye shanga nyeusi.

"Sekunde tatu na nusu," nikamwambia. "Wazee watadhani umezimia."

Akacheka, bila sauti, mabega yanatikisika.

Jumapili nilijaribu kwanza kuifundisha Radi subira. Nilifungua kila mlango nilioujua. Ukiizuia isikisie inachemka. Ukiizuia zaidi inazima. Ilitengenezwa kutangulia, na haijui kitu kingine. Jumatatu nikamimina zile jumbe mia tatu na kitu ndani ya Ushanga, na nikaenda kuwaambia wale thelathini na mmoja, nyumba kwa nyumba, kitu ambacho sikuwa nimekiandika.

*

Wageni walirudi Jumatano. Ipyana aliwafuata Kyela akawaambia tu kwamba shangazi ana neno, hakuongeza. Walikuja watatu badala ya watano, na soda hawakuzigusa.

Mzee Asajile aliitazama shingo ya Tusekile. "Mama, leo umevaa shanga. Juzi ulivaa tofali."

Tusekile midomo ikaenda, ikafunga. Tukasubiri. Mtu mmoja akakohoa. Kisha Ushanga ikasema, taratibu: "Juzi nilivaa ya mume wangu."

Walicheka, lakini kidogo, kwa kuchelewa. Mimi nilitazama sakafu.

"Swali langu ni dogo," Mzee Asajile akasema. "Juzi simu ilisema hapana, kwa sauti yako. Leo simu nyingine itasema jingine, kwa sauti yako hiyohiyo. Mimi nikirudi Kyela nitasema nimepewa kauli ya nani? Hawa watengeneza simu hatukuwaletea barua."

Ipyana akanigeukia, na nilijua anachotafuta ni kile cheti. Mfukoni nilikuwa na karatasi ya vipimo vyote, sekunde na asilimia. Niliishika. Niliona nikiitoa itakuwa mashine ya tatu inamsemea.

"Mzee," nikasema.

"Shemeji," Ipyana akasema kwa ukali. Mume wa shangazi haongei.

"Mzee, yupo mtu anayesoma midomo ya mke wangu bila simu yoyote. Yupo chumba cha ndani."

Mzee Asajile akauangalia mlango wa ndani. "Binti anayeposwa aje asome jibu la posa yake mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Nimeoa mara mbili. Nimeoza mabinti saba. Hilo sijaliona." Akavua kofia, akaiweka gotini. "Haya, aitwe. Nife nimeliona."

Ikupa alitoka na kanga kichwani, macho yamevimba. Siku nne hakuwa ameongea na shangazi yake. Alisita, kisha akavuta kigoda, akakaa mbele yake, goti kwa goti, kama miaka ile miwili. Hakuna aliyemwelekeza.

Tusekile akaanza. Na Ikupa, kwa sauti ya kukwaruza, akasoma: "Juzi neno lilikuwa langu."

Kisha Ushanga nayo ikafika, kwa sauti ya Tusekile: "Juzi neno lilikuwa langu."

Mzee Asajile akageuza kichwa kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, akaitikia taratibu.

"Lilikuja nikalimeza," Ikupa akasoma. "Simu haikunisubiri."

"Lilikuja nikalimeza. Simu haikunisubiri."

"Nilisema hapana kwa sababu," Ikupa akasoma, akaishia hapo.

Midomo ya Tusekile iliendelea mpaka mwisho na kufunga. Ikupa aliitazama yote. Alishajua inasema nini na hakuweza kuitoa. Tukabaki hivyo, watu wazima saba, tunasubiri. Mimi kwa mazoea nilihesabu. Moja. Mbili. Tatu. Ushanga ikasema peke yake:

"Nilisema hapana kwa sababu huyu mtoto alikuwa mdomo wangu miaka miwili, na sikutaka aende."

Ikupa alilia bila kujificha. Tusekile akachukua pindo la kanga ya mtoto, akamfuta uso, pua na kila kitu, kama anasafisha mtoto wa miaka mitatu. Akamshika kidevu amgeuzie uso juu. Hakuwa amemaliza.

"Hilo ndilo lilikuja la kwanza," Ikupa akasoma kwa taabu. "La pili nililifikiria wiki tatu. Nilikuwa nalo mdomoni siku ile. Nasema ndiyo. Mchukueni. Na aje nyumbani Pasaka."

Ushanga ikarudia yote, neno kwa neno.

Mzee Asajile aliwatazama wenzake wawili. Mmoja alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa koti na kujifanya ni jasho, hapa Tukuyu ambapo hakuna jasho. "Pasaka tu?" mzee akauliza.

Tukasubiri.

"Na Krismasi," Ushanga ikasema, na safari hii walicheka vizuri, na mtu akafungua soda.

Kisha wakaja kwenye lile jambo la kauli iliyorudi. Mzee Asajile alilisema bila ubaya. Kauli ya shangazi ikitoka na kurudi ina faini, na anayeirudisha hajibu posa nyingine katika ukoo. Alisema kama ingekuwa hitilafu ya simu asingedai kitu, maana simu haina ukoo. Ila mama mwenyewe amesema lilikuwa lake, naye anamheshimu kwa hilo, na kwa sababu anamheshimu atalipa.

"Atalipa," Ipyana akasema.

"Nitalipa," Tusekile akasema, baadaye kidogo.

*

Ndoa ilifungwa Agosti. Kijana ni mzuri, namkubali, ana mikono ya kazi. Hesabu yetu ni hii.

Faini: mtamba mmoja, wa rangi ya majivu, aliyekuwa anakaribia kupandwa. Nilimpeleka Kyela mwenyewe.

Kiti cha shangazi. Tumpe, mdogo wake Ikupa, anaposwa mwakani, na atakayejibu ni binamu yake Tusekile, mwanamke asiyejua hata Tumpe anapenda kula nini.

Wateja. Katika wale thelathini na mmoja, kumi na wanne walirudisha Radi nikawabadilishia kwa hasara. Tisa hawanisalimii, wanasema niliwauzia kisha nikaja kuwatisha. Wanane wanaipenda vilevile, na mmoja wao ni mchungaji. Sokoni Tusekile amepoteza wanunuzi watatu wakubwa ambao hawana muda wa kusubiri.

Ikupa yuko Kigoma. Amekuja Krismasi, siku tisa.

Sekunde tatu na nusu. Jumapili moja nilikaa nikahesabu sentensi za mke wangu tangu asubuhi hadi kulala, zikawa kama mia nne. Ni dakika ishirini na tatu kwa siku ninazokaa namtazama usoni huku sauti yake iko njiani. Hizo sizilalamikii.

Mizaha. Wakati wa Radi alikuwa ananitania mara kumi kwa siku. Sasa ni nne.